Usiwaulize wamejifunza nini

Dodoma, Julai

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande ulichokuwa unapatana bei ya sato huku unaniuliza habari za vitabu. Jambo lenyewe haliwezi kujibiwa kwa sauti za WhatsApp, ndiyo maana nimekaa nikaandika. Huku sote wazima, isipokuwa huu upepo wa Dodoma ambao mwaka huu umeamua kutuonyesha.

Nikusifu kwanza, maana najua utaruka haraka mpaka kwenye kukosolewa. Umefanya vyema kuchagua umri huo, miaka 12 hadi 14. Mtoto mdogo atasikiliza hadithi yoyote ilimradi umekaa naye. Aliyefika 17 ameshajua anapenda nini na humpangii. Huyu wa katikati ndiye tunayempoteza. Shule ya Jumapili ameshaiona ya kitoto, kwaya ya vijana bado haijamtaka, na kilichobaki ni darasa la kipaimara, ambako kazi yake ni kukariri. Nyumbani anapewa simu ili anyamaze. Kwa hiyo wazo la kuwakusanya humo humo kwenye simu, wasome kitabu kimoja na wakizungumzie, naliunga mkono kwa moyo wote.

Tatizo langu ni ratiba uliyonitumia. Sala ya kufungua, sura moja, mstari wa Biblia unaoendana na sura hiyo, swali la "tumejifunza nini", sala ya kufunga. Mwanangu, hiyo ni Shule ya Jumapili iliyonunuliwa bando.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na ninajua hao watoto wanatoka wapi na wanakokwenda. Wakifika sekondari watapewa riwaya kama Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, na kabla hawajajua Peter na Zita ni akina nani, ubao utakuwa umeshajaa: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Humo ndani watoto wa rika lao wanakosa ada na sare, shule inawashinda, wanaangukia jalalani. Msomaji wetu anaandika "umaskini" kwenye daftari na kupigia mstari kwa rula. Wapo waliofaulu swali la fasihi bila kufungua kitabu, kwa nondo tu za kununua barabarani. Sasa mtoto wa namna hiyo akija kwako jioni, akakutana na swali lile lile limevaa joho la kanisani, atakupa unachokitaka. Atasema tumejifunza kuwatii wazazi. Atasema tumejifunza kuwa wanyenyekevu. Jibu hilo alikuwa nalo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Sisemi kwamba hadithi haina mafunzo. Nasema ukiyadai mapema hayaji.

Mkumbuke Nathani alipomwendea Daudi baada ya lile jambo la Bathsheba na Uria. Soma tena Samweli wa Pili, sura ya 12, uisome kama mtu anayetaka kuanzisha klabu ya vitabu. Nathani hakumfungulia mfalme Torati. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, ambaye alikuwa anamlisha chakula chake mwenyewe na kumlaza kifuani. Daudi akawaka. Akasema mtu huyo anastahili kufa, tena alipe mara nne. Nathani alisubiri mpaka hukumu imetoka kwa mdomo wa mfalme mwenyewe, ndipo akamwambia mwenye kesi ni nani. Angemuuliza, "Mfalme, kisa hiki kinatufundisha nini?", Daudi angejibu vizuri kabisa kwamba kudhulumu ni dhambi, kisha angerudi zake kulala.

Basi wape watoto nafasi ya kuhukumu. Waulize nani ndani ya kitabu hawamwamini. Waulize ukurasa upi uliwachosha, na uwe tayari kusikia kwamba ni huo unaoupenda wewe. Waulize wangekuwa wao wangefanyaje, halafu unyamaze. Kunyamaza mtandaoni ni kugumu kuliko darasani, najua. Sekunde chache za ukimya kwenye simu zinamfanya kila mtu adhani mtandao umekata. Vumilia hivyo hivyo.

Kitabu cha kwanza ningekushauri Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni chembamba, kwa hiyo hakitishi. Kina mfalme, bahari, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu watatu: Adili, Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yanakwambia nani ni nani, na hapo utapata mlango mwingine wa kuingilia, maana John Bunyan naye, kwenye kile kitabu chake cha safari ya Mkristo cha mwaka 1678, aliwapa watu majina ya tabia zao. Mmoja alikuwa fundi wa kuziba masufuria huko Uingereza aliyefungwa gereza la Bedford kwa kuhubiri bila kibali. Mwingine alikuwa karani wa forodha kutoka Tanga. Wala hakuna aliyepita chuo kikuu. Watoto wako wataipenda habari hiyo, hasa wanaoambiwa kila siku kwamba bila daraja la kwanza hawatakuwa watu.

Lakini kinachonifanya nikichague ni wale manyani. Hasidi na Mwivu walimtupa ndugu yao baharini kwa wivu, na jini aitwaye Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa naye na kuwageuza wale wawili kuwa manyani. Kisha akampa Adili amri: kila usiku awachape viboko, la sivyo adhabu itamgeukia yeye. Na Adili, mtawala anayesifiwa nchi nzima kwa huruma, anatii. Anapiga usiku, halafu anawahudumia kwa upole.

Niliwahi kukisoma na kidato cha kwanza wiki ya mwisho ya muhula, mitihani imekwisha na hakuna wa kutusahihisha. Tulipofika kwenye viboko nikauliza kama wao wangeendelea kupiga. Darasa likagawanyika, wengine amri ni amri, wengine heri nipigwe mimi. Binti mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake huwa huisikii hata anapoitwa jina, akasema, "Mimi naona Adili alikuwa anafurahia kidogo." Wakamzomea. Adili mwema! Mimi kimya. Akaendelea, kwamba mtu ukiwapiga waliokutupa baharini, hata kama unalia, kuna mahali moyo unapoa. Mvulana mmoja akamrukia: mbona basi anawabembeleza baadaye? "Kwa sababu anajua," akajibu. Halafu yule mvulana, akiwa bado ana hasira naye, akasema hata Yusufu aliwafanyia hivyo ndugu zake kule Misri, akamfunga Simeoni, akatia kikombe kwenye gunia la Benyamini, na huku alikuwa anajificha kulia.

Sikuwa nimemtaja Yusufu. Mstari wa Biblia ulikuja wenyewe, na ulikuja ukiwa na makali ambayo mimi nisingeyathubutu. Ungekuwa umeshaubandika kwenye ratiba, kila mtu angeuona unakuja na kuukwepa.

Sasa, wazazi. Jiandae, maana pale tu utakapotaja jini, simu itaita. Kuna mama atakwambia kwao wanakemea majini kila Ijumaa usiku, sasa unawasomesha watoto majini? Usimcheke. Na akitokea baba aliyekiona kile kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, akakataa kwa sababu mchawi amekaa juu ya jalada, usikimbilie kumweleza kwamba Lewis alikuwa Mkristo mashuhuri na mwalimu wa Oxford. Hilo halimsaidii. Huko ulipo, Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ya kupika. Kwa watu wa aina yetu mchawi wa kwenye kitabu si mapambo ya hadithi. Mzazi anayeshtuka ana sababu.

Mimi ningemjibu hivi. Katika Biblia yake mwenyewe Sauli anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, punda wa Balaamu anaongea, na Yothamu anasimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme ikaishia kwa mti wa miiba. Hakuna anayeficha sura hizo watoto wasizione. Ningemwambia pia habari ya Edward Steere. Kabla hajawa askofu kule Zanzibar, mwaka 1870 alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waswahili wa huko, zikiwamo zile tunazowasimulia watoto mpaka leo, za kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Mtu huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuitia Injili katika Kiswahili cha Unguja. Alitega sikio kwanza kwa wasimulizi, ndipo akaandika. Mzazi akikataa baada ya hapo, heshimu. Mtoto wake na asome kitabu kingine, usimgeuze uwanja wa vita kati yako na baba yake.

Kwa hiyo hicho cha Lewis kiache kwanza, si kwa sababu ni kitabu kibaya, bali kwa sababu kitakulia muda wako wote kwenye jalada. Cha pili kifanye Takadini cha Ben Hanson. Mama, Sekai, anazaa mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja kwa miaka, mila inasema mtoto auawe, naye anambeba mgongoni na kutoroka. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo ili waganga wauze utajiri, hakuna haja ya kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba kitabu hiki kinamhusu. Kipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hivyo wale wa shule za mchepuo wa Kiingereza na wale wa shule za kata watakaa mkeka mmoja. Ila vitabu vya Shaaban Robert visome kwa Kiswahili tu, na wale wa mchepuo wawe na kamusi karibu. Watalalamika. Waache walalamike.

Yupo atakayekuuliza kwa nini klabu ya watoto wa Kikristo inaanza na mwandishi Mwislamu. Hapo sitaki uwe mpole sana. Mwambie uzio wa klabu ni wa wazazi, kwa sababu wanafahamiana na wanaaminiana kuwaachia watoto. Vitabu havina uzio. Watoto hao wanakaa dawati moja na akina Aisha na Juma, wanakula pilau ya Idi nyumba ya pili, halafu washindwe kusoma hadithi ya ndugu watatu?

Rosa Mistika ya Kezilahabi usiiguse kwa umri huu, ingawa najua unaipenda. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa muda, na walioizuia hawakuwa wendawazimu wote. Ina mambo mazito. Lakini ni kitabu cha familia ya Kikristo kuliko karibu chochote tulicho nacho. Jina lenyewe limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, na ndani yake yuko Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anayedhani kumlinda binti ni kumpiga. Wasomeshe baba zao. Nasema kweli. Ukipata kundi la pili la wazazi, anza na hicho.

Kuhusu muda. Wewe umepanga kila Jumamosi mwaka mzima. Jumamosi umeshawapoteza Wasabato kabla hujaanza, maana Sabato yao inaanza Ijumaa jua linapozama. Na mwaka mzima haiwezekani, kwa sababu nusu ya watoto hao wako bweni ambako simu ni marufuku. Muhula ukianza klabu yako itabaki na wale wa kutwa, na wale wa bweni wataona wameachwa. Fanya likizo: ya Juni na ya Desemba. Wakati wa muhula wawe na kitabu cha karatasi na kijidaftari sandukuni, waandike wanachobishana nacho, likizo waje nacho.

Lakini dhahabu yako iko Septemba. Darasa la saba wakimaliza mtihani wanakaa nyumbani mpaka Januari wakisubiri kidato cha kwanza. Hawana shule, hawana sare, hawajui hata watapangiwa wapi. Wengine wanapelekwa tuisheni, wengine wanalinda duka la mama, wengi wanalala na simu. Hao ndio watoto wako, na umri ndio huo huo. Anza nao.

Kuhusu simu nitakuwa mkali, na hapa sihitaji maoni yako. WhatsApp yenyewe imeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Wa miaka 12 aingie kwa simu ya mzazi. Tena ningependa wote waingie kwa simu za wazazi, kwa sababu kwenye kundi kila mtu anaona namba ya kila mtu, na namba ya mtoto wa kike wa miaka 13 haitakiwi kuzagaa. Kundi liwe la wazazi, la matangazo na kiungo cha kikao. Ukishakusanya majina, umri na namba za watoto, umeshaingia kwenye mambo yanayoguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kusanya kidogo, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na ufute usichokihitaji. Watu wazima wawe wawili kila kikao, na wa pili asiwe mchumba wako. Hakuna mtu mzima anayemwandikia mtoto faragha, hata wewe, hata kama ni kumpongeza. Hakuna kurekodi, wala kupiga picha ya skrini kwa ajili ya kuweka kwenye ukurasa wa kanisa, hata mchungaji akiomba.

Kamera zizimwe kwa anayetaka. Wewe unaona ni bora mwone nyuso. Mtoto anawaza sofa iliyotoboka na mdogo wake asiye na suruali anayepita nyuma. Na mzazi awe karibu kiasi cha kusikia, lakini asikae ubavuni. Nimewahi kuona kikao cha aina hii ambapo mtoto alikuwa anajibu vizuri ajabu, mpaka tukasikia mama akimnong'oneza jibu, naye akalirudia lote pamoja na "sema hivi".

Toleo la bure la Zoom linakata baada ya dakika 40. Usilipie. Dakika hizo zinatosha, na kukatwa katikati ya ubishi ndiko kutakakowarudisha wiki ijayo. Kwa familia ambazo bando linapimwa, watoto watume sauti fupi kupitia simu za mama zao, mzicheze kikaoni. Zinakula kidogo kuliko video.

Sala ibaki moja, ya kufungua, fupi, na kila mtoto asali kama kwao, Mkatoliki afanye ishara ya msalaba bila wenzake kuguna. Wakigundua kwamba Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ile ya wenzao Waprotestanti ina 66, usikwepe. Mwombe Mkatoliki awasomee Tobiti, ya kijana anayesafiri na malaika bila kujua kwamba ni malaika, na mbwa akiwafuata nyuma. Kama si kitabu cha vijana hicho sijui kipi.

Na vitabu vinunuliwe, au viazimwe maktaba ya mkoa. Zile PDF za wizi zinazozunguka kwenye makundi sitaki kuziona kwenye klabu yenye jina la Bwana. Nakala moja wanaweza kusoma watoto wawili wa mtaa mmoja kwa zamu.

Nimekutumia nakala nne za Adili na Nduguze kwa basi la Alhamisi, zimo kwenye boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Namba ya risiti nitakutumia kwa meseji. Ile barua ya wazazi iandike upya, uniletee kabla hujaisambaza, na uondoe neno "maadili" angalau mara tatu kati ya zile ulizoliandika. Msalimie baba yako. Mwambie Rosa Mistika aliyoiazima kwangu kabla hujazaliwa bado naidai.

Shangazi yako